Nduru ya Mwizi, Nduru ya Msichana

Mtu akipiga nduru ya mwizi usiku katika mitaa inayokizunguka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mjini Kakamega, haichukui muda kabla ya watu kutoka. Milango ya ploti hufunguliwa Lurambi na Kefinco, wanafunzi hutoka na slipa na tochi za simu, waendeshaji boda boda hugeuza pikipiki kufuata sauti, na mshukiwa asipowahi kutoroka ni polisi pekee wanaoweza kumnusuru. Hakuna anayesimama kuuliza kama jambo hilo linamhusu. Nduru ikitoka ndani ya chumba, ikiwa ni ya msichana na sauti ya mwanamume inasikika humo humo, mambo huwa mengine. Jirani hutega sikio, mwenzake humwambia hayo ni mambo ya watu wawili, redio huongezwa sauti. Watu ni wale wale, na ujasiri waliokuwa nao juzi dhidi ya mwizi haujawatoka. Ninaamini tofauti hii imebeba swali zima la jinsi walio karibu wanavyoweza kuzuia ubakaji miongoni mwa wanafunzi wa vyuo, hapa na katika nchi nyingine. Kinachowazuia ni hesabu wanayoipiga kichwani kabla ya kunyanyua mguu: hili ni janga la wote, au ni shauri la ndani ya uhusiano? Mafunzo yoyote yasiyoigusa hesabu hiyo yatawafanya vijana wajue la kufanya bila kulifanya.

Sayansi ya jambo hili ilianzia mbali. Mwaka 1964 Kitty Genovese aliuawa mjini New York, na gazeti likaandika kwamba watu 38 walitazama bila kufanya lolote. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba habari hiyo ilitiwa chumvi. Walioona walikuwa wachache, na walioelewa walichokiona walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo ndiyo iliyowasukuma wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley kufanya majaribio waliyoyachapisha 1968. Mwanafunzi aliyeamini kwamba ni yeye peke yake anayemsikia mwenzake akishikwa na kifafa katika chumba kingine alitafuta msaada mara 85 kwa kila 100. Aliyeamini kwamba wako wengine wanne wanaosikia alifanya hivyo mara 31 tu. Tangu hapo imekuwa desturi kufundisha kwamba watu wakiwa wengi, kila mmoja humtegea mwenzake. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayaelezi Lurambi, ambako wingi wa watu ndio unaowapa nguvu ya kutoka. Wala hayaelezi miji mingine. Richard Philpot na wenzake walikagua picha za kamera za barabarani zilizonasa ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika visa tisa kati ya kila kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati, na watu walivyozidi kuwa wengi ndivyo aliyeshambuliwa alivyozidi kuwa na matumaini ya kusaidiwa. Binadamu wa mjini, awe Mholanzi au wa Afrika Kusini, haonekani kuwa mtu wa kupita tu.

Jaribio lililo karibu zaidi na maisha ya hapa ni la Lance Shotland na Margret Straw, la mwaka 1976. Mwanamume na mwanamke waliigiza kupigana mbele ya watu wasiojua kwamba ni maigizo. Mwanamke alipopaza sauti kwamba hamjui mwanamume yule, watu 65 kwa kila 100 waliingilia. Alipolia kwamba hajui kwa nini alikubali kuolewa naye, walioingilia walikuwa 19. Purukushani ilikuwa ile ile, hofu ya kuumizwa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni sentensi moja iliyowaambia watazamaji kwamba hawa wawili wana lao. Wamarekani walioshiriki hawakuwa wamewahi kuisikia methali yetu inayosema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, lakini waliitenda. Sisi tunaijua kwa moyo, na kwa ugomvi wa watu wa tumbo moja ina hekima yake, maana kesho watapatana na aliyeingilia atabaki adui wa wote wawili. Ubaya ni kwamba imevutwa mpaka ikamfunika msichana wa miaka 19 na mwanamume aliyemjua wiki mbili. Hawana undugu, hawana ndoa, hawana chochote kitakachovunwa wakipatana. Ili ahesabiwe kuwa wa mwanamume huyo inatosha kwamba aliingia chumbani kwa miguu yake, au alitumiwa nauli, au alikunywa bia iliyolipiwa. Januari 2024, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alipouawa katika nyumba ya kukodi jijini Nairobi, sehemu kubwa ya mjadala mitandaoni ilikuwa juu ya alichokwenda kufanya pale. Maelfu waliandamana tarehe 27 mwezi huo kupinga mauaji ya wanawake na mjadala wa namna hiyo. Waliandamana kwa sababu walielewa kwamba maneno yanayosemwa juu ya marehemu leo ndiyo yatakayomzuia jirani kubisha mlango wa aliye hai kesho.

Kakamega ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili kwa sababu ya namna wanafunzi wanavyoishi. Masinde Muliro kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi 2002, kikawa chuo kikuu kamili 2007, na kama ilivyo kwa vyuo vingi vya umma nchini, wanafunzi waliongezeka kuliko vitanda. Kwa hiyo maisha ya mwanafunzi wa kawaida yako nje ya lango la chuo. Ploti anayokodi huwa na safu mbili za vyumba zinazotazamana, mfereji mmoja wa maji katikati, lango la chuma, na keateka, yaani msimamizi wa ploti, anayekaa chumba cha kwanza. Ukuta kati ya chumba na chumba haukizuii hata kikohozi. Kila mtu anajua nani hajapika tangu juzi, nani amechelewesha kodi na nani amelala kwa nani. Anayetaka kujifunza juu ya mashuhuda wa dhuluma za kingono hawezi kulalamika kwamba hapa hawapo. Wapo kila upande, na wanasikia. Mlinzi wa chuo hafiki huku, mkuu wa wanafunzi hafiki, na kituo cha polisi kiko mbali kuliko chumba cha jirani. Msaada wowote utakaofika kwa dakika zinazohesabika utatoka kwa mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 amewahi kupigwa au kuumizwa tangu alipofika miaka 15, na wanawake 13 kwa kila 100 wamewahi kudhulumiwa kingono. Bungoma, kaunti inayopakana na Kakamega upande wa kaskazini, ndiyo iliyokuwa juu nchini kwa ukatili wa kimwili. Utafiti mwingine, wa 2019, uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni: asilimia 15.6 ya wasichana na asilimia 6.4 ya wavulana walikuwa wamedhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba katika darasa lolote la mwaka wa kwanza wamo waliofika chuoni wakiwa tayari na jeraha, wavulana pia, na kwamba mwenzao anayejifunza kusikiliza vizuri atapata mtu wa kumsikiliza kabla muhula haujaisha.

Wengi wakifikiria ubakaji huona kichaka, giza na mtu asiyejulikana. Miongoni mwa wanafunzi njia ya kawaida ni nyingine, na ina hatua ambazo mtu wa kando anaweza kuziona moja baada ya nyingine. Wiki za kwanza za mwaka wa masomo, wanafunzi wa kiume wa miaka ya juu huwagombania wasichana wageni, na makomredi, kama wanafunzi wa vyuo wanavyojiita, huuona mchezo huo kuwa sehemu ya maisha ya chuo. Kisha kuna sherehe katika chumba cha mtu au baa ya kegi. Glasi ya mmoja haiachwi iwe tupu. Rafiki aliyekuja naye anaitwa nje. Usiku wa manane pikipiki inasimamishwa. Nataka tumtazame mwendeshaji huyo wa boda boda. Anabeba abiria wawili, mwanamume nyuma na msichana katikati, na kichwa cha msichana kimemlalia mwendeshaji mgongoni na viatu ameshikiwa na mwenzake. Mwendeshaji anajua uzito wa mtu aliyelala na uzito wa mtu aliyezimia, maana ndiyo kazi yake kusawazisha mizigo barabarani. Maswali mawili yanamtosha: dada, unaitwa nani, na unakaa wapi? Asipojibu kwa mdomo wake mwenyewe, pikipiki haihitaji kwenda anakoelekezwa na mwanamume. Inaweza kumpeleka kwa keateka wake, kwa rafiki zake waliobaki nje ya baa, au hospitali kuu ya kaunti. Sheria iko upande wa mwendeshaji huyu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopitishwa kwa juhudi za Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge, inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua, na inamtaja wazi aliyelala, aliyezimia na aliyeleweshwa kiasi cha kupotewa na uamuzi kuwa mtu asiyeweza kuitoa.

Sheria hiyo inasema pia jambo ambalo wanafunzi wachache wanalijua. Kifungu cha 10, kinachohusu ubakaji wa genge, hakimkamati aliyetenda peke yake. Kinamhusisha pia yule aliyekuwa pamoja na watendaji akiwa na nia moja nao, na adhabu yake haipungui miaka 15, ikiweza kufika kifungo cha maisha. Rafiki anayesimama mlangoni kuwazuia wengine wasiingie, au anayempokonya msichana simu ili asiite mtu, yuko karibu sana na kifungu hicho. Aliyepita tu na kunyamaza hana kesi ya kujibu. Kenya, tofauti na Ufaransa, haina sheria ya jumla inayomlazimu mtu kumsaidia aliye hatarini. Lakini kati ya mpita njia asiye na hatia na mshirika mwenye nia moja kuna watu wengi waliochekelea, walioshangilia, walioazimana chumba, waliorekodi. Nchi hii imewaona mara nyingi. Julai 1991 katika shule ya St Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana waliokataa kushiriki mgomo. Wasichana 19 walikufa na wengine 71 wakabakwa katika shule iliyokuwa na walimu na walinzi. Septemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kudhulumiwa ndani ya basi huko Githurai na tendo likarekodiwa kwa simu. Julai 2017 mahakama iliwahukumu kifo wanaume watatu, dereva na kondakta wakiwemo. Machi 2022 waendeshaji boda boda walimzingira mwanamke aliyekuwa akiendesha gari jijini Nairobi, wakamshika huku na huku, tena mbele ya simu zilizoinuliwa. Picha hizo zilisaidia kuwakamata watu, na mwenye kurekodi ili kutoa ushahidi anafanya la maana. Ila simu ikishainuliwa, mikono miwili inayoweza kumvuta mtu pembeni huwa imepata kazi nyingine, na picha ikishasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp inakuwa kosa jipya chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 na dhuluma ya pili kwa aliyedhulumiwa.

Je, mafunzo ya kuingilia kati hufanya kazi? Hapa inafaa kusema ukweli wote, hata usiopendeza. Mapitio makubwa ya tafiti 27, nyingi zikiwa za Marekani, yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba wanafunzi waliofunzwa waliingilia kati zaidi kuliko wasiofunzwa, lakini tofauti hiyo ilikuwa imefifia miezi sita baadaye, na mapitio hayo hayakupata ushahidi kwamba mafunzo yaliwapunguzia washiriki wenyewe tabia ya kudhulumu. Wapo wanaousoma ushahidi huo na kufunga mjadala. Mimi nausoma pamoja na mwingine. Huko Kentucky, mpango wa Green Dot ulijaribiwa katika shule za sekondari 26 kwa miaka mitano kuanzia 2010, na ubakaji na dhuluma nyingine zilianza kupungua kwa namna ya kutegemewa mwaka wa tatu na wa nne, baada ya wanafunzi wenye ushawishi kuandaliwa na shule nzima kuzoea lugha mpya. Huko Hanoi, katika vyuo vikuu viwili, wanafunzi wa kiume 793 waligawanywa kwa bahati nasibu; nusu walipata mafunzo ya mtandaoni yaliyokuwa yamebuniwa Atlanta kisha yakaandikwa upya kwa ajili ya Vietnam, kwa hadithi na wahusika wa Kivietnam. Miezi sita baadaye waliofunzwa walikuwa wamedhulumu kidogo kuliko wenzao na kuingilia kati zaidi. Tofauti kati ya mafanikio na kushindwa naiona katika mambo mawili: muda, na kama mafunzo yaligusa mawazo ya mahali hapo juu ya nani ana haki gani juu ya mwili wa nani. Semina ya saa mbili wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya haina muda wala haigusi mawazo hayo.

Ushahidi wa Afrika Mashariki unaelekea huko huko. Jijini Nairobi, shirika la Ujamaa lilitoa mafunzo ya wiki sita kwa wavulana wa sekondari wenye umri wa miaka 15 hadi 22, wakifundishwa na vijana wa kiume wanaofanana nao. Mafunzo yalianzia kwenye imani zao: kwamba msichana akikubali kununuliwa chakula amekubali na mengine, kwamba hapana yake ni maringo. Wavulana hao walipoulizwa baadaye, walioshuhudia mtu akitishwa au kushambuliwa walisema wamefaulu kuingilia kwa kiwango kilichowazidi kwa mbali wavulana wasiofunzwa. Ni maelezo yao wenyewe, na kundi la kulinganisha lilikuwa dogo, kwa hiyo sitayabebesha zaidi ya uzito wake. Ushahidi wenye mizizi zaidi ni wa Kampala, ambako mpango wa SASA! wa shirika la Raising Voices ulifuatiliwa katika jamii nane za Makindye na Rubaga kati ya 2007 na 2012. Wanaharakati wake walikuwa majirani, wenye maduka, wahudumu wa afya, polisi wa mtaa, na mazungumzo yao yalikuwa ya mlangoni na ya kibarazani kwa miaka. Mwishoni, mwanamke aliyepigwa au kudhulumiwa na mwenzi wake katika jamii zilizoguswa na mpango alikuwa na uwezekano wa mara mbili hivi wa kusaidiwa ipasavyo na watu wanaomzunguka, ukilinganisha na mwanamke wa jamii nyingine. Wapenzi na wanandoa wale ndio waliokuwa wakiachwa wakalimane peke yao. Jamii ilibadili hesabu, na msaada ukaja.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa watetezi wa wanawake wenyewe, nalo ni zito. Wanasema mzigo unahamishwa: badala ya kumwambia mbakaji asibake, tunamwambia msichana ajilinde, na sasa tunamwambia jirani awe mlinzi. Ningekubali kama kuingilia kati kungekuwa kwa dakika ya mwisho peke yake, mlango unapovunjwa. Lakini anayedhulumu husoma mazingira yake. Hufanya analofanya kwa sababu rafiki zake walicheka aliposimulia la mwezi jana, na kwa sababu keateka alifungua lango bila kuuliza. Mwanamume anayemwambia rafiki yake, mbele ya wenzao, kwamba msichana huyo amelewa na leo anarudishwa kwake, amezungumza na mbakaji kabla hajawa mbakaji, na amezungumza naye kwa sauti anayoiogopa kuliko ya hakimu. Kwa hiyo wajibu unabaki kwa mtendaji. Kinachoondolewa ni kibali alichokuwa akipewa na kundi lake.

Pingamizi la pili ni la utamaduni. Husemwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu, wenye vyuo vyenye mabweni na sherehe zao, na kwamba sisi tuna wazee. Nduru yenyewe inalijibu. Desturi ya kuitikia kilio cha jirani ni ya hapa, na Kakamega haikungoja mtu wa Kentucky kuifundisha. Vilevile magharibi mwa Kenya machifu na wazazi wamepambana kwa miaka na disko matanga, muziki wa usiku kucha kwenye matanga, kwa sababu wanajua wasichana hudhulumiwa pale gizani. Huko ni kuingilia kati mapema, kabla ya tendo, kwa kuliondoa giza lenyewe. Ninalokataa ni kazi nyingine ambayo wazee wamekuwa wakipewa: kukaa na familia mbili baada ya ubakaji na kukubaliana ng'ombe au fedha. Mzee anayefanya hivyo ameingilia kati, lakini ameingilia upande wa mtendaji, na ameirudisha nduru chini ya methali ya jembe.

Pingamizi la tatu, la hatari, ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni la kweli. Aliyetoka na slipa anaweza kukutana na kisu. Tena kuna umati: kundi linalokimbilia nduru ya mwizi limewahi kuua wasio na hatia, kama wanaume wanne waliouawa Kitengela Agosti 2021 kwa kudhaniwa wezi wa mifugo, na sitaki hasira hiyo ihamishiwe kwa kila kijana anayetuhumiwa. Ndiyo maana yaliyofanya kazi kwingineko hayafundishi kupigana. Yanafundisha kukatiza. Jirani anabisha mlango kuomba chaja. Mwenzake chumbani anampigia msichana simu na kukataa kukata mpaka amsikie yeye mwenyewe. Wasichana watatu wanaamua kabla ya kutoka kwamba watarudi watatu. Keateka anawasha taa ya uani na kusimama pale, bila neno. Januari 2015 wanafunzi wawili wa Kiswidi waliokuwa wakipita kwa baiskeli katika Chuo Kikuu cha Stanford walimwona mwanamume juu ya mwanamke asiyejitambua. Walisimama, wakauliza kinachoendelea, alipokimbia wakamkamata na kumshikilia mpaka polisi walipofika, kisha wakatoa ushahidi. Hakuna aliyechapwa. Ulinzi wa mshukiwa dhidi ya umati na ulinzi wa msichana dhidi ya mshukiwa vinatoka katika tabia moja, ya kufika mapema mkiwa watulivu. Wanaohofia tuhuma za uongo wanapaswa kuutaka utaratibu huu kwa nguvu zaidi, maana taa iliyowashwa saa nne usiku inazuia tendo na tuhuma pia.

Lakini jirani hawezi kuachwa peke yake, na hapa naona udhaifu mkubwa wa kampeni nyingi za vyuo. Juni 2013 katika kaunti jirani ya Busia, msichana wa shule aliyepewa jina la Liz ili kumlinda alibakwa na genge na kutupwa katika shimo la choo. Wanaume watatu walifikishwa kwa polisi, wakaamriwa kufyeka nyasi za kituo, wakaachiliwa waende nyumbani. Ilihitaji sahihi zaidi ya milioni moja na maandamano Nairobi kabla ya kushtakiwa. Aprili 2015 walihukumiwa miaka 15. Fikiria somo ambalo kijiji kizima kilijifunza katika wiki zile za nyasi: kwamba anayemtaja mbakaji atakutana naye njiani keshokutwa. Mei 2013, kabla ya tukio hilo, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua, katika kesi iliyokuja kujulikana kama ya wasichana 160, kwamba polisi kutochunguza malalamiko ya unajisi ni kuvunja Katiba. Uamuzi huo unamhusu jirani moja kwa moja. Taasisi isipoitika, kuingilia kati kunakuwa ushujaa, na ushujaa ni wa wachache. Ikiitika, kunakuwa ujirani wa kawaida.

Kwa chuo kama cha Masinde Muliro hili linamaanisha kazi inayoweza kutajwa. Chuo kinachofundisha kukabiliana na majanga na misaada ya kibinadamu kama fani kamili, na kinachowafunza wauguzi, kina watu wanaojua tayari jinsi ya kuandaa jamii kwa hatari kabla haijafika. Mafunzo yawafikie makeateka na wenye ploti, na wanaokataa wasiwekwe kwenye orodha ya nyumba zinazopendekezwa kwa wanafunzi. Wenyeviti wa stegi za boda boda za Lurambi wapewe namba ya afisa mmoja wa chuo anayepokea simu usiku. Wawakilishi wa madarasa, ambao ndio wanaosomwa kwenye kila kundi la WhatsApp, wajue saa zinazohesabika: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120, nguo zisifuliwe, matibabu katika hospitali ya umma ni ya bure, fomu ya P3 ya polisi inaweza kufuata baadaye, na namba ya msaada ya 1195 hupokelewa bila malipo. Yote yarudiwe kila muhula kwa miaka minne, kwa kuwa ndivyo ushahidi ulivyosema, na wavulana wafundishwe na wavulana.

Mwishowe kuna takwimu, na jambo hili litahitaji ukomavu wa wakuu wa vyuo. Chuo kikianza kufanya kazi hii vizuri, ripoti za dhuluma zitaongezeka mwaka wa kwanza na pengine wa pili, kwa sababu yaliyokuwa yakifunikwa na redio yatafika mezani. Baraza la chuo linaloona ongezeko hilo kama aibu litamshauri mkuu wa wanafunzi apunguze kelele, na habari hiyo itafika kwenye ploti kabla ya wiki kuisha. Kipimo cha kufuatilia ni kingine: katika visa vilivyoripotiwa, vingapi vilikatizwa na mtu wa kando kabla ya kukamilika, na mtu huyo alitendewaje alipokwenda kuandikisha taarifa. Namba hizo mbili zichapishwe kila mwaka, bila jina la mtu yeyote, mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mzazi wake wanaweza kuzisoma kabla ya kulipa kodi ya chumba.